Mfano wa Tatu

Matokeo ya kidato cha nne yalitufikia mwezi wa tatu mwaka 1995. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na mkuu wetu wa shule, Mwalimu Novatus, alilazimika kuyafuata huko huko mkoani. Alirudi Alhamisi jioni, bahasha ya kaki kwapani, akapita mbele ya ofisi ya walimu bila kusalimia mtu. Tukajua.

Kesho yake asubuhi alimwita Mwalimu Constantine Luhaga. Luhaga ndiye aliyekuwa mwalimu wa taaluma, na hisabati ya kidato cha tatu na cha nne ilikuwa mikononi mwake kwa miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili, meza yangu inatazamana na yake. Mengi ya haya nilijionea, na yale ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe.

"Waliofanya ni sabini na wanane," Novatus alimwambia. "Daraja la kwanza hakuna. La pili watatu. La tatu wanane. La nne thelathini na watatu."

"Na sifuri?"

"Thelathini na wanne."

Sekondari ya Kutwa ya Mwabunyele haikuwahi kusifika kwa ufaulu, lakini karibu nusu ya darasa kupata sifuri lilikuwa jambo jipya. Tena siku zenyewe zilikuwa mbaya kwa aibu ya namna hiyo. Wazazi walikuwa wameanza kuchangia elimu kutoka mifukoni mwao, shule za binafsi zilikuwa zinachipuka Mwanza na Shinyanga, na mzazi mwenye uwezo alikuwa akiangalia ubao wa matokeo kama anavyoangalia ng'ombe mnadani. Asiporidhika, anahamisha mtoto.

"Bodi inakutana mwezi wa sita," Novatus alisema. "Mwenyekiti anataka maelezo ya kitakwimu. Ni akina nani wanaofeli, wametoka wapi, wazazi wao wanafanya kazi gani. Nitengenezee jedwali."

"Mwenyekiti ameshajua anachotaka kusikia?"

"Anasema ni watoto wa wafugaji. Hawana haja na shule, wanatushusha." Novatus alifungua droo, akaifunga tena. "Kama takwimu zinasema hivyo, basi zinasema."

Mwenyekiti huyo alikuwa Mzee Marcelo, aliyestaafu ukuu wa kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu mwenye sauti na nyumba ya bati jekundu karibu na soko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu wawili shuleni kwetu, na alitaka shule iwe nzuri.

Sasa nimweleze Luhaga mwenyewe. Alizaliwa Mkula, upande wa ziwani, katika nyumba iliyopakana na shule ya misheni. Alikuwa akisema kwamba utotoni kengele ya shule ilimkuta bado kitandani, na bado aliwahi namba mstarini. Kwa hiyo hakuwa na huruma na mtu anayechelewa. Ratiba ya shule aliipanga yeye, na hisabati aliiweka kipindi cha kwanza na cha pili, siku nne za wiki. "Hisabati ni somo la asubuhi," alikuwa akituambia, "akili ikiwa bado haijachoka." Saa moja na dakika arobaini alikuwa anaufunga mlango wa darasa kwa komeo. Aliyebaki nje alijiandikisha kwa mwalimu wa zamu kwenye daftari la wachelewaji, akapewa fyekeo na kipande cha majani. Akimaliza kipande chake, aliruhusiwa kuingia kipindi cha pili. Hakuna kati yetu aliyeona kasoro. Sote tulikuwa na zamu, na sahihi zetu zimo katika daftari hilo, yangu pamoja nazo.

Jedwali la kwanza lilimsumbua tangu mwanzo. Katika fomu za kujiunga, sehemu ya kazi ya mzazi, wanafunzi sitini na mmoja kati ya sabini na wanane walikuwa wameandika "mkulima". Mtoto wa karani aliandika mkulima kwa kuwa baba yake ana shamba la mpunga. Mtoto wa mwenye ng'ombe mia mbili aliandika mkulima, na mtoto wa mjane mwenye ekari moja ya pamba naye hivyo hivyo. Neno moja lilikuwa limewameza wote. Luhaga akaachana na kazi ya mzazi, akatazama shule za msingi walikotoka. Waliotoka mjini walikuwa thelathini na sita, na kati yao sifuri zilikuwa sita. Waliotoka vijijini, huko kwenye mbuga za malisho na pamba, walikuwa arobaini na wawili. Sifuri zao zilikuwa ishirini na nane.

Aliliandika jedwali kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mistari kwa rula, akalipeleka. Novatus alilitazama na kushusha pumzi. Wiki hiyo hiyo alituma nakala mkoani, na nyingine kwa Mzee Marcelo, ambaye alianza kuandaa barua ya bodi. Barua ingeomba mkoa usiendelee kuchagua watoto wa vijijini kuja Mwabunyele. Wapelekwe kwenye shule za bweni. Shule hizo za bweni zilikuwa wapi, barua haikusema.

Mwisho wa mwezi wa nne Luhaga alikwenda Maswa kwenye kikao cha walimu wa taaluma. Kikao kiliisha mchana, na basi la kurudi lilikuwa la saa kumi. Akazunguka sokoni, akanunua suruali ya mtumba, nzuri, ila kiuno kilimzidi. Wakamwelekeza kwa mafundi wa Nyalikungu, kwenye baraza la duka moja ambako cherehani tatu zilikuwa zimepangwa. Mafundi wengi siku hizo hawakuwa wakishona nguo mpya tena. Mtumba ulikuwa umeingia kwa marobota, na kazi yao ikawa kupunguza, kukunja na kubana.

Msichana aliyekaa kwenye cherehani ya mwisho aliinuka mara alipomwona, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Mimi Joyness, mwalimu. Joyness Bujiku. Kidato cha nne B."

Luhaga alimtazama usoni na hakumpata. Ndipo msichana alipoinama kuokota tepu iliyoanguka, na akamkumbuka kwa mgongo. Mgongo ule alikuwa ameuona dirishani miaka miwili, umevaa shati jeupe lililofifia, unapanda na kushuka kwenye majani.

"Wewe ni binti wa Mzee Bujiku wa kwenye bodi."

"Ndiyo, mwalimu. Baba alinileta huku kwa shangazi. Baada ya matokeo."

Alimpima kiuno upesi, bila kumgusa zaidi ya ilivyohitajika, kisha akatoa kwenye droo ya cherehani daftari lililojaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akalifungua kurasa za nyuma, akaandika vipimo. Luhaga aliona wino mwekundu ukipenya upande wa pili wa karatasi. Aliutambua. Ulikuwa wake.

"Hilo si daftari la hisabati?"

Joyness aliona aibu. "Samahani mwalimu. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu, nikaona nisinunue jingine."

"Hebu nilione."

Aliketi kwenye kigoda cha wateja akalifungua kutoka mbele. Mwandiko ulikuwa safi, mdogo, wa mtu anayebana karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe, na chini ya tarehe, "Mfano wa 3". Hakukuwa na kichwa cha somo, wala maelezo, wala mfano wa kwanza na wa pili. Akafunua. Tarehe, "Mfano wa 4", kisha maswali ya kazi ya nyumbani. Akafunua tena. Tarehe, "Mfano wa 3". Milinganyo ilianzia katikati. Pembetatu zilianzia katikati. Siku nyingine hakukuwa na mfano wowote, maswali ya kazi ya nyumbani tu, na msichana alikuwa ameyajaribu, na yeye Luhaga alikuwa amepita na kalamu nyekundu akaweka alama za kosa mfululizo na kuandika pembeni: Soma maelezo yako tena.

"Mwanzo wa masomo haya uko wapi?" aliuliza.

"Sikuwemo, mwalimu."

"Ulikuwa wapi?"

Joyness alimwangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua. "Nilikuwa nje. Pale dirishani. Nafyeka."

Cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda, ikasimama. Fundi aliyekuwa akiitumia alikata uzi kwa meno akaendelea.

"Nilikuwa nakusikia," Joyness alisema, sasa kama anayemfariji. "Ukiongea kwa nguvu nilikuwa nasikia vizuri tu. Ila ubao sikuuona. Kwa Kiswahili au historia ningejitahidi. Hesabu bila ubao inakuwa ngumu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, mwalimu? Nilikuwa nimechelewa kweli."

"Ulikuwa unaondoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Tulikuwa wasichana wawili, tunasubiriana. Mvua ikinyesha mto unajaa, tunazunguka hadi kwenye daraja. Kiangazi nilikuwa nafika kabla ya mlango, mara nyingine." Alikunja suruali vizuri akaiweka mezani. "Nilikuwa nauazima mwanzo kwa wenzangu wa mjini. Lakini jioni walikuwa wanakwenda na madaftari yao tuisheni."

Luhaga hakuuliza tuisheni ya nani. Nani asiyeijua? Mishahara ilikuwa haitoshi, na kila jioni, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na nyumba yake, wanafunzi waliomudu kulipa walikaa kwenye mabenchi, naye akarudia somo la asubuhi tangu mwanzo, taratibu, kwa mfano wa kwanza na wa pili.

Aliomba aazime daftari. Joyness alichana kwa uangalifu kurasa za nyuma zenye vipimo vya wateja, akampa lililobaki.

Jumatatu, walimu walipokuwa wanakunywa chai, Luhaga alishusha kutoka juu ya kabati madaftari ya wachelewaji ya miaka miwili, akayapangusa vumbi. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema, "Jirani, nikipata nitakwambia." Ilimchukua siku tisa. Alikuwa na orodha ya majina sabini na manane, na kila alipokuta jina kwenye daftari aliweka kijiti kimoja cha penseli. Baadhi ya majina yalifanya msitu.

Alipomaliza, aliwatenga wale arobaini na wawili wa vijijini. Tisa walikuwa wavulana waliopanga vyumba mjini, ambavyo wanafunzi huviita mageto, wakijipikia ugali na kurudi kwao mwisho wa mwezi. Kati ya hao tisa, sifuri zilikuwa mbili. Baba zao walikuwa wafugaji vile vile, wa mbuga zile zile, baadhi yao hawajui kuandika. Waliobaki, thelathini na watatu, walikuwa wanatembea kila siku, na kati yao waliopata sifuri ni ishirini na sita. Kati ya hao, ishirini na wanne walikuwa wameandikwa kwenye daftari la wachelewaji zaidi ya mara hamsini. Walikuwemo watembeaji saba waliofaulu, na Luhaga alipowakumbuka mmoja mmoja aligundua kwamba watano walikuwa na baiskeli.

Jambo la mwisho ndilo lililomfanya aweke penseli chini. Wasichana wa vijijini walikuwa kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyepanga chumba, kwa sababu hakuna mzazi aliyekubali binti yake alale mjini peke yake. Wote walitembea. Waliopata sifuri ni kumi.

Alinionyesha karatasi. Niliisoma mara mbili, nikaona na mimi nimo humo ndani, zamu zangu za Jumatano.

"Utaipeleka kwa Mkuu?" niliuliza.

"Nimeshampelekea ile ya kwanza," alisema. "Nayo niliiandika kwa mkono huu huu."

Novatus aliisoma akiwa amesimama dirishani. Baadaye aliniambia kwamba hakuwahi kukasirika na kusikitika kwa wakati mmoja kama siku ile.

"Luhaga, hisabati peke yake haimpi mtu sifuri."

"Haimpi. Lakini fizikia nayo nimeiweka asubuhi. Na mtoto aliyefyeka saa nzima baada ya kutembea karibu saa tatu, hana kitu tumboni, anasikia nini kipindi cha tatu?"

"Wewe ndiye mpangaji wa ratiba."

"Najua."

"Ukisoma hii mbele ya bodi unajianika. Watasema mwalimu ndiye aliyefelisha watoto. Watakuandikia mkoani." Novatus alirudi kuketi. "Acha tubadilishe ratiba kimya kimya. Nani atauliza?"

"Na ile barua ya Mzee Marcelo? Ikienda, watoto hawa hawatakuja tena, na sababu itakuwa jedwali langu."

Novatus hakumkataza, na siku zote nimempa heshima kwa hilo.

Bodi ilikutana Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, darasani kwa kidato cha pili. Msimu wa pamba ulikuwa umeanza, na mazungumzo kabla ya kikao yalikuwa ya wanunuzi binafsi waliofika na mizani zao hadi vijijini, jambo ambalo zamani lilikuwa la chama cha ushirika peke yake. Mzee Bujiku alikuja kwa baiskeli, amevaa koti licha ya jua. Alikuwa mjumbe wa wazazi wa vijijini kwa sababu wakati madarasa yanajengwa kwa makato ya pamba, kijiji chake ndicho kilichosomba mawe. Nilikuwa mwandishi wa kikao.

Mzee Marcelo alisoma jedwali la kwanza kwa sauti. Akaweka miwani mezani. "Ndugu wajumbe, mimi si mbaguzi. Namba ndizo zinazosema. Watoto wanaotoka kwa wafugaji hawafundishiki katika mazingira haya. Tusiwatese na tusijitese."

Mzee Bujiku alikuwa ameinamisha kichwa. Ilijulikana kwamba binti yake alikuwa miongoni mwa wale thelathini na wanne, na sidhani kama kulikuwa na mtu mle ndani aliyemtazama.

Luhaga akaomba nafasi. Alisimama mbele ubaoni, mahali alipozoea, lakini hakushika chaki.

"Jedwali lile ni langu," alisema. "Hesabu zake ni sahihi, ila nilihesabu kitu kisicho chenyewe." Kisha akasoma la pili, polepole, bila kuruka. Alisoma habari za mageto, za baiskeli, za wasichana kumi. Akaeleza komeo. Akaeleza kwamba hisabati aliiweka saa ya kwanza kwa hiari yake mwenyewe, na kwamba jioni alikuwa akiwafundisha upya waliomlipa. "Watoto wale hawakushindwa hisabati. Nusu yake hawakufundishwa. Mimi ndiye niliyewafungia nje."

Mzee Marcelo alikunja uso. "Mwalimu, kuwahi ni nidhamu. Kiwanda changu kilikuwa kinapiga king'ora mara moja tu."

"Kiwanda chako kilikuwa na nyumba za wafanyakazi, mzee," Luhaga alisema. "Walilala wapi na king'ora kilikuwa wapi?"

Mzee Bujiku akainua mkono. Hakuzoea kuongea vikaoni, na Kiswahili chake kilikuwa kizito. Akasema, "Huyu mtoto wangu. Alikuwa hata siku moja hajakataa shule. Nilimkatalia chumba mjini, niliogopa. Nikasema atembee, atarudi nyumbani salama." Akamgeukia Luhaga. "Karatasi ilipokuja ya sifuri, nilimpiga. Nilimwambia amenidanganya miaka minne, kwamba alikuwa haendi shule, anazunguka tu mjini. Akaniambia, baba, nilikuwa nakwenda. Nikampiga kwa hilo pia."

Mzee Marcelo aliichukua miwani yake mezani, akaivaa.

"Kwa hiyo alikuwa anakwenda," Mzee Bujiku alisema.

"Alikuwa anakuja, mzee," Luhaga alijibu. "Jina lake liko kwenye daftari la wachelewaji mara mia moja na tisa. Siku mia moja na tisa alichelewa, na zote alifika."

Mzee Bujiku alivaa kofia yake, akatoka. Tulisikia mnyororo wa baiskeli yake ukilia hadi barabarani. Kwenye kumbukumbu za kikao sikujua niandike nini, nikaandika: mjumbe mmoja aliondoka kabla ya kufunga.

Barua ya Mzee Marcelo haikupigiwa kura. Bodi ilikubali hisabati ihamishiwe baada ya mapumziko ya saa nne, na adhabu ya kuchelewa ifanyike baada ya masomo, kwa muhula mmoja wa majaribio, na baada ya hapo hakuna aliyeomba yarudishwe ya zamani. Walimu wa nidhamu walinung'unika, na baadhi ya wazazi wa mjini walinung'unika zaidi Luhaga alipoufungua ukumbi wa tuisheni kwa kila mtu, bila malipo, Jumamosi asubuhi, ili hata wanaokaa mbali waweze kufika. Mkewe Elina aliongeza shamba la viazi. Kwa muda mrefu nyumba yao haikununua sukari, hilo naliandika kwa sababu niliwahi kunywa chai pale.

Muujiza haukutokea. Mwaka uliofuata sifuri zilikuwa ishirini na tatu kati ya themanini na wawili. Mwaka mwingine kumi na tisa. Hisabati iliendelea kuwa somo gumu, na mto uliendelea kujaa. Na jedwali la kwanza lilikuwa limeshatoka mikononi mwetu. Miaka miwili baadaye, kwenye semina Shinyanga, Luhaga alimsikia ofisa mmoja akisema kwamba takwimu kutoka Bariadi zimethibitisha kuwa watoto wa wafugaji hawamudu sekondari. Alinyoosha mkono na kusema takwimu hizo ni zake na zina kosa. Ofisa alimshukuru kwa mchango wake, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Lakini ilikuwa habari ya Joyness niliyotaka kuimaliza.

Luhaga alimwandikia barua, akamwomba radhi, akamshauri arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Joyness alijibu kwa mistari mitatu: ana kazi, shangazi anamtegemea, ila kama mwalimu ana nafasi angeomba ule mwanzo tu, mfano wa kwanza na wa pili. Basi Luhaga alichukua maandalio yake ya masomo ya miaka miwili, na daftari lile la karatasi ya saruji, na kila somo lililokatika akaliandikia kichwa chake. Alikuwa akiandika saa za chai, wakati sisi tunapiga soga. Alijaza madaftari manne, akayatuma Maswa kwa basi, moja baada ya jingine. Joyness alikuwa anamrudishia na maswali yaliyojibiwa, na pembeni maswali yake mwenyewe, mengine magumu kiasi kwamba Luhaga alinisomea mimi mwalimu wa Kiswahili, ambaye sikuambulia kitu, kwa sababu tu alitaka mtu wa kufurahi naye.

Alifanya mtihani mwishoni mwa mwaka 1996, masomo sita, akafaulu manne. Hisabati alipata C. Katika darasa lake la zamani lote, waliokuwa wamepata C ya hisabati ni wawili.

Muda wote huo Mzee Bujiku hakuwa akimsalimia Luhaga. Walikutana mnadani, kanisani, kwenye foleni ya dawa za pamba, mzee akatazama pembeni. Luhaga hakumlazimisha. Kisha mwezi wa nne mwaka 1997 tulikuwa mimi na Luhaga tunatoka sokoni, tukamwona mzee anashuka kwenye baiskeli upande wa pili wa barabara. Akavuka kuja kwetu, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Joyness alikuja Jumapili. Amekuja na karatasi. Sijui Kiingereza, mchungaji akanisomea."

"Nimesikia, mzee. Amefanya vizuri sana."

"Nikamwambia sasa utatafuta chuo. Anasema hataki. Ana cherehani yake mwenyewe sasa, ana wateja. Nikamwuliza, basi ulisoma ya nini tena?" Mzee alipangusa vumbi kwenye kengele ya baiskeli kwa kidole gumba. "Akasema alitaka mimi nijue kwamba hakuwa anazunguka."

"Nikamwomba msamaha," Mzee Bujiku alisema. "Mtoto wangu mwenyewe. Sikujua linavyosemwa, nikamwomba hivyo hivyo." Kisha, kama mtu aliyemaliza shughuli moja na kuanza nyingine, akasema, "Yupo mdogo wake, Salu. Yuko darasa la saba, akichaguliwa atakuja kwenu mwakani. Msichana huyu naye. Nataka uniambie kweli, mwalimu. Ataondoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kukishapambazuka," Luhaga alisema. "Ale kwanza."

Mzee alirudia saa hiyo kwa Kisukuma, taratibu, kama anayeiweka mahali, akapanda baiskeli yake akaondoka.